Kilwa, mji uliohamahama

Jumatatu, Dar es Salaam hadi Masoko

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye ni fundi mwashi. Nilimshawishi aache kazi zake kwa kumwambia kwamba Kilwa kuna kuba za mawe zilizojengwa bila nondo hata moja, na nyingine bado zimesimama baada ya karne kadhaa. Akasema hilo hataamini mpaka alione kwa macho yake.

Njia ya kusini imekuwa nyepesi. Kibiti, Ikwiriri, kisha daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, abiria walivushwa kwa pantoni, na mto ukifura watu walikuwa wakilala ng'ambo wakisubiri. Hata hivyo mvua bado ina kauli yake huku: Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa. Nangurukuru tukakata kushoto, na mchana tukawa Masoko.

Niliweke sawa jambo moja kwa ambaye hajafika. Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya leo. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya mkondo wa bahari, na huko ndiko ulikokuwa mji wa kale wa masultani. Kilwa Kivinje iko kaskazini kidogo, mji wa enzi za sultani wa Zanzibar na Wajerumani. Vitabu vya shule vinazitaja moja moja kana kwamba hazihusiani. Mimi naamini ni mji mmoja, na kila dola iliyoushika iliusogeza kuelekea pale ilipopita mali iliyokuwa ikiitaka. Ndiyo maana nilitaka kuziona zote kwa safari moja, miguu kwa miguu.

Jioni tulipitia ofisi inayosimamia magofu, tukalipia kibali. Bila kibali huvuki kwenda kutembea kwenye magofu, na ni vizuri hivyo.

Jumanne, Kisiwani

Tulivuka na mashua ya tanga pamoja na kina mama waliokuwa wakirudi kutoka sokoni na vikapu vyao. Upepo ulikuwa mzuri na nahodha hakugusa kasia. Kitu cha kwanza kuonekana ukikaribia ni Gereza, ngome nyeupe iliyochakaa, imekaa ukingoni mwa maji na mlango wake mkubwa wa nakshi. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, lakini hii tunayoiona leo ni kazi ya Waomani wa karne tatu baadaye, waliojenga upya juu ya mabaki ya kale. Sehemu ya upande wa bahari imeshaliwa na mawimbi. Wenyeji wamepanda mikoko kuzuia mmomonyoko, na juhudi za namna hiyo zilisaidia Kilwa kuondolewa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ambamo ilikuwa imewekwa tangu 2004.

Mzee aliyetutembeza alizaliwa hapahapa. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuuliza tumetoka wapi na ni watu wa nani, kisha ndipo safari ikaanza. Kabla ya kutuonyesha jengo lolote alitusimamisha ufukweni akanyoosha mkono kuelekea kusini.

"Huko ndiko Sofala," alisema. "Usipoijua Sofala, hapa utaona mawe tu."

Alikuwa na haki. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, halafu kusi hushika zamu. Jahazi lililotoka Uarabuni au Gujarati kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa, likauza nguo na shanga, likapakia, kisha likarudi na kusi ya mwaka uleule. Likijaribu kushuka zaidi, msimu ungelikuta njiani na lingengoja mwaka mzima. Kwa hiyo wageni waliishia hapa, na vyombo vya wenyeji ndivyo vilivyoshuka hadi Sofala, Msumbiji ya leo, kuchukua dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe. Mogadishu ndiyo iliyotangulia kunufaika na Sofala. Kilwa ilipoishika biashara hiyo, mwishoni mwa karne ya 13, ikawa tajiri kuliko miji yote ya pwani. Hata sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Kuhusu nani aliuanzisha mji huu, tarikh ya Kilwa, yaani kumbukumbu ya kale ya masultani wake, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Ni hadithi tamu na wenyeji wanaipenda. Lakini waliochimba hapa, kuanzia Neville Chittick mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta chini ya misingi ya mawe kuna nyumba za udongo, mifupa ya samaki, vyungu vya kienyeji na alama za wafua chuma, tangu karne ya 9, kabla ya nasaba yoyote ya Kishirazi. Na utafiti wa DNA ya mifupa kutoka makaburi ya pwani, Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara zikiwemo, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba takriban miaka elfu moja iliyopita watu wa Uajemi na Waafrika walianza kuzaliana hapa, asili ya Kiajemi ikitoka zaidi kwa wanaume na ya Kiafrika zaidi kwa wanawake. Basi tarikh haikudanganya, ila ilisimulia upande wa baba peke yake. Mama alikuwa mwenyeji, na mji alikuwa nao tayari.

Tukaingia Msikiti Mkuu. Hapa ndipo mdogo wangu alipokaa kimya.

Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 hadi ya 12, na paa lake lilikuwa bapa, la boriti za mikoko na zege la chokaa. Boriti ya mkoko ina urefu wake, hauvuki hapo, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu. Fundi akitaka ukumbi mpana kwa boriti, lazima asimamishe msitu wa nguzo. Al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, akaongeza ukumbi mkubwa upande wa kusini na kuuezeka kwa kuba na matao. Sehemu kubwa ilianguka baadaye, na ikajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane. Hizo ndizo tulizosimama chini yake.

Mdogo wangu alipapasa nguzo moja kwa muda mrefu. Ukitazama kwa karibu unaona matundu madogo madogo ya matumbawe, yamejipanga kama sega la nyuki, na juu yake tabaka la chokaa laini lililobaki vipandevipande. Mzee akaeleza kwamba tumbawe la baharini likitolewa likiwa bichi hukatika kwa urahisi, unaweza kulichonga mihrabu na nakshi, kisha likikauka linakuwa jiwe. Chokaa nayo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo: yanapangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yanachomwa mpaka yanakuwa unga mweupe, kisha unaachwa ukae muda mrefu kabla ya kutumika. Mdogo wangu akauliza waliiacha muda gani. "Mpaka ipoe hasira," mzee akajibu. Mdogo wangu aliandika hilo kwenye daftari lake.

Pembeni kuna Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, uliohifadhika vizuri kuliko jengo jingine lolote kisiwani. Juu ndani ya kuba mafundi walipachika mabakuli ya kigeni yenye rangi kama pambo. Mengi yametoka na yameacha alama za duara kwenye chokaa. Nililala chali sakafuni ili niyatazame.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika hapa akitokea Mombasa. Aliandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri zaidi na iliyojengwa kwa ustadi. Akamsifu sultani, huyohuyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani akazivua akampa. Mwana wa mfalme akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama habari ya ukarimu. Mimi nikiwa nimesimama pale mlangoni niliwafikiria wale watu ishirini, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Jumatano, Husuni Kubwa na Makutani

Husuni Kubwa iko mashariki mwa mji, mwendo wa miguu kupitia minazi na mashamba madogo, juu ya jabali linaloitazama bahari. Hili ndilo jumba la al-Hasan bin Sulaiman: zaidi ya vyumba mia moja, na upande wa kusini ua mpana uliozungukwa na vyumba ambako nadhani bidhaa zilihifadhiwa na kupimwa. Ngazi zinashuka kwenye jabali hadi majini. Katikati kuna bwawa la kuogea la pembe nane, na kila pembe ina umbo lake la nusu duara au la ngazi, kingo zimechongwa kwa ulinganifu ambao mdogo wangu aliupima kwa futi yake akatikisa kichwa. Fikiria maji hayo yote yalivyobebwa kutoka kisimani hadi juu ya jabali.

Jumba hili halikuonekana kukaliwa muda mrefu, na dalili zinaonyesha halikumalizika. Ni alama ya wakati Kilwa yenyewe ilipokuwa dola, ikitoza ushuru na kuheshimiwa tangu Mafia hadi Sofala. Sarafu zake za shaba zilikuwa na maneno yenye vina, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mungu. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliziokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mji ambao pesa yake imefika huko haukuwa kijiji cha wavuvi kilichosubiri kugunduliwa na mtu.

Kisha wakaja Wareno. Vasco da Gama alifika 1502 na meli za kivita, akamlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon, na mfalme Manuel akaagiza itengenezwe chombo cha ibada ya Kikatoliki, kilichokamilika 1506. Kipo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya sanaa huko Lisbon, kinang'aa, na watu hukata tiketi kwenda kukitazama. Mzee alituambia habari hii bila kupandisha sauti. Alisema kama kuna siku atasafiri, hicho ndicho kitu kimoja anachotaka kukiona.

Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na kundi kubwa la meli. Mji ukatekwa, ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Almeida akamvika taji Muhammad Ankoni, mtu wa kwao aliyemtaka, ambaye aliuawa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1505 Wareno walijenga ngome nyingine Sofala kwenyewe. Hilo la Sofala ndilo naliona pigo lenyewe, kuliko mizinga ya Almeida. Dhahabu ikishikwa inakotoka, Kilwa haina tena cha kugawa. Wareno wenyewe waliligundua hilo: mwaka 1512 waliiacha ngome yao ya Kilwa wakaondoka, kwa kuwa hapakuwa na faida iliyobaki ya kulinda. Waliumeza mji na kuutema ndani ya miaka saba. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, nao wakashambulia na kuua watu wengi.

Lakini mji haukufa, na hapa ndipo magofu ya Makutani yanapoingia, jumba lenye kuta nene upande wa magharibi wa mji, sehemu yake kubwa ya karne ya 18. Wakati huo masultani wa Kilwa walipata nguvu tena, safari hii kwa pembe za ndovu na watu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, wapelekwe mashamba ya miwa ya Île de France, Mauritius ya leo. Nilikaa kwenye ukuta wa Makutani nikiisoma bei hiyo kwenye daftari langu. Haikupita miaka kumi Waomani wakaja kudai chao, wakaweka askari Gerezani. Sultani wa mwisho wa Kilwa alipelekwa uhamishoni Muscat katika miaka ya 1840.

Alhamisi, Songo Mnara

Siku ya maji na jua. Boti ilipita kati ya visiwa na mikoko, na kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa tulishuka mbali tukatembea kwenye tope mpaka magotini. Songo Mnara ulikuwa mji dada wa Kisiwani, ulioshamiri katika karne ya 15 na kuachwa katika karne ya 16. Nyumba za mawe zaidi ya 30 na misikiti mitano, zimesongwa na mibuyu. Ukitaka kujua tajiri wa pwani aliishije, njoo huku, maana kuta bado zinaeleza: ua wa ndani, baraza ya ngazi ambapo wageni walikaa, chumba cha ndani kabisa chenye vidaka ukutani vya kuwekea vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mdogo wangu aliingia kila nyumba akipima upana wa vyumba. Vyote vilifuata boriti.

Ijumaa, Kivinje

Kilwa Kivinje ina ufuko bapa sana. Maji yakitoka, madau yanabaki yamelalia ubavu kwenye tope na bahari unaiona kwa mbali. Mtu atajiuliza kwa nini mji ulihamia mahali pabaya hivi kwa meli wakati Kisiwani kuna bandari ya asili. Jibu liko nyuma yake: hapa ndipo misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilipoishia. Wafanyabiashara wa Kiyao na wenzao wa pwani walishusha pembe na watu hapa bara, bila kuhangaika kuvuka kwenda kisiwani. Chini ya sultani wa Zanzibar, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji mikono, na sehemu kubwa ya watumwa waliofika soko la Zanzibar walipitia Kivinje, hadi Sultani Barghash aliposaini mkataba wa 1873 na kulifunga soko lile. Dhahabu ilikuwa imeufanya mji ukae kisiwani. Biashara ya watu iliuvuta bara.

Tuliswali Ijumaa pamoja na wenyeji, kisha kijana mmoja wa mtaa akatutembeza. Nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi bado zina milango ya nakshi, nyingine paa limeanguka na mti umeota sebuleni. Boma la Wajerumani limesimama mbele ya bahari, madirisha matupu, kuta zinabanduka. Inaniuma kusema kwamba Kisiwani ina jina la urithi wa dunia tangu 1981, na Kivinje, yenye historia iliyo karibu nasi zaidi, inaporomoka mbele ya macho ya wakazi wake.

Wajerumani hawakupokelewa kwa amani hapa. Septemba 1888 maofisa wawili wa kampuni yao waliuawa Kivinje, katika vuguvugu lilelile la Abushiri kule Pangani. Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kuwasumbua kwa miaka, hadi alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895 juu ya mwembe. Mahali pale wenyeji wanapaita Mwembe Kinyonga. Na miaka kumi baadaye, Julai 1905, vita vya Maji Maji vikaanzia milima ya Umatumbi, bara ya hapa, watu walipokataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjekitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya dawa, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Kijana aliyetutembeza alitaja majina haya kama mtu anayewataja babu zake.

Mdogo wangu alikwangua kidogo ukuta wa boma kwa kucha. Chokaa tena, na matumbawe. Wajerumani walikuja na amri zao lakini waashi walikuwa wa hapahapa.

Jumamosi, Masoko hadi Dar es Salaam

Kabla ya basi tulikwenda kuangalia bandari ya uvuvi ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023. Waingereza walioitwaa nchi kutoka kwa Wajerumani waliachana na Kivinje, na baadaye makao ya wilaya yakaja Masoko, penye kina cha maji. Sasa serikali nayo imechagua hapahapa kwa ajili ya meli za uvuvi. Wavuvi tuliowakuta walikuwa wakijadili barafu, ushuru, na kama mtu mwenye ngalawa naye atapata nafasi gatini.

Ukipanga kwenda, uliza maji kwanza: Songo Mnara inataka maji yaliyojaa la sivyo utatembea topeni kama sisi. Kibali kichukue Masoko siku moja kabla. Kisiwani ipe angalau siku mbili, na umlipe vizuri anayekutembeza. Kivinje usiipite tu barabarani. Shuka, salimia wazee, na uombe wakupeleke Mwembe Kinyonga.